Vipanuzi vya uke, vilainishi na lidokeni kwa maumivu ya tendo la ndoa: kipi kinunuliwe, kipi kibaki dukani

Seti ya vipanuzi vya uke huwa na vipande vitano hadi vinane vya silikoni au plastiki ngumu, vyenye ncha ya mviringo, vinavyoanzia unene wa kidole kidogo cha mkono na kuishia unene wa uume uliosimama. Matangazo mengi husema vinatanua njia iliyo nyembamba. Kwa wanawake wengi wanaovihitaji, hiyo si shida yao hata kidogo. Mwenye maumivu sugu ya tendo la ndoa kwa kawaida ana nafasi ya kutosha. Kinachomsumbua ni mishipa ya fahamu ya mlango wa uke inayowaka kwa kuguswa tu, na misuli ya sakafu ya nyonga inayojikaza kabla kitu chochote hakijaingia. Kipanuzi ni chombo cha kuifundisha misuli hiyo kulegea na kuizoesha ngozi mguso usioumiza. Tathmini hii inapima bidhaa kwa kigezo hicho, na ndiyo sababu seti ya bei kubwa inaweza kupata alama za chini hapa.

Kwanza maumivu yenyewe, kwa sababu mtu akikosea hapo atanunua kitu kisichomfaa. Tangu 2015 vyama vya kimataifa vya wataalamu wa eneo hili vimekubaliana kwamba vulvodinia ni maumivu ya sehemu za nje za uke yaliyodumu angalau miezi 3, bila chanzo cha wazi kuonekana. Aina inayowapata zaidi wanawake ambao hawajakoma hedhi ni ya mlangoni: siku nzima hakuna tatizo, lakini pakiguswa na tamponi, kidole, kifaa cha daktari au uume, panachoma kama moto. Mkazo wa misuli, ambao zamani uliitwa vajinismasi na kuhesabiwa ugonjwa wa peke yake, uliunganishwa na maumivu ya kuingiliwa kwenye DSM-5, mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, wa 2013, kwa kuwa hospitalini ni vigumu kuvitenganisha. Wala si jambo la wachache. Harlow na Stewart, katika utafiti uliochapishwa 2003, waliwauliza wanawake wa eneo la Boston nchini Marekani wakakuta takriban asilimia 16 wamewahi kuwa na maumivu ya namna hii kwa miezi 3 au zaidi.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Daktari huchukua kijiti cha pamba chenye unyevu na kugusa taratibu kuuzunguka mlango wa uke kwa kufuata namba za saa, mgonjwa akitaja ukali wa maumivu kutoka 0 hadi 10 kila sehemu. Njia hii imekuwamo kwenye vigezo tangu Friedrich alipoviandika mwaka 1987. Maumivu yakijikusanya chini, kati ya namba 4 na namba 8 za uso wa saa, na ngozi haina kidonda wala uchafu, picha inaanza kueleweka. Mwanamke aliyekwisha kupewa krimu za fangasi mara kwa mara bila kupimwa maabara ana kila sababu ya kudai kijiti cha pamba. Krimu hizo zenyewe huwasha ngozi iliyokwisha kuchoka, na hapo ugonjwa unapata sura mpya inayomvuruga kila anayefuata kumtibu.

Kuna wanaopaswa kuahirisha kununua. Damu baada ya tendo, vidonda, malengelenge, uchafu wenye harufu, au maumivu ya ndani kabisa tumboni wakati wa kuingiliwa ni mambo ya kupimwa, si ya kufanyia mazoezi. Kwa aliyekulia Kanda ya Ziwa, Unguja, Pemba au pwani ya Kenya na kuoga mtoni au kwenye madimbwi, kichocho cha sehemu za uzazi kiingie kwenye orodha ya maswali. Huleta maumivu ya tendo na damu, na prazikwanteli ya miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito ndiyo dawa yake, ingawa makovu yaliyokwisha kujijenga hayaondoki kwa vidonge. Aliyekeketwa kwa kushonwa hahitaji kipanuzi chochote mpaka afunguliwe kwa upasuaji mdogo hospitalini. Kulazimisha kifaa kwenye kovu hilo ni kulichana. Mama anayenyonyesha na mwanamke aliyekoma hedhi mara nyingi wana ngozi iliyokauka kwa kupungua kwa homoni ya estrojeni. Kwao krimu ya estrojeni ya ukeni, ikiandikwa na daktari, huja kabla ya seti.

Sasa vifaa. Plastiki ngumu ndiyo ya zamani, ndiyo nafuu, na ina sifa moja ambayo silikoni haina: haipindi. Msuli ukikaza, kipande chembamba cha silikoni laini hukunjika katikati, mtumiaji anadhani hakiingii kwa sababu "amefunga", naye anaanza kukisukuma kwa pembeni, na hapo hapo mlangoni panakwaruzika. Kwa saizi mbili za mwanzo plastiki ina nafuu. Kasoro yake ni mshono wa kalibu, ule mstari mwembamba unaopita ubavuni pale nusu mbili zilipounganishwa kiwandani. Jicho linaweza usiuone. Chukua pamba kavu, izungushe kipande chote polepole, hasa nchani. Nyuzi zikinasa popote, mshono upo, nacho kirudi kilikotoka. Usijaribu kuusugua kwa msasa, kwa maana msasa huacha mikwaruzo inayofuga vijidudu.

Silikoni ya daraja la kitabibu ni bora kuanzia saizi ya tatu na kuendelea. Ina ujoto wa mwili baada ya dakika chache, haigongi mfupa wa kinena kwa ukali, na nyingi huvumilia kuchemshwa. Inataka kilainishi kingi zaidi kwa kuwa uso wake unashika ngozi, na huvuta vumbi na nyuzi za nguo, hivyo isuuzwe kila mara kabla ya kutumika hata kama ilihifadhiwa safi. Kuna kundi la tatu linalouzwa kwa jina la silikoni na si silikoni: mpira laini unaonata, wenye harufu kama ndala mpya. Huo una vitundu visivyoonekana, hausafishiki sawasawa, na kemikali za kuulainisha hutoka polepole. Usinunue, hata kama picha ya bidhaa ni nzuri kiasi gani.

Cha kuangalia zaidi ya malighafi ni hatua kati ya saizi na saizi. Seti nzuri hupanda kwa milimita 3 hadi 5 za kipenyo. Seti ya vipande vitatu inayoruka kutoka sentimita 1.5 hadi 2.5 kisha 3.5 ndiyo inayowakatisha wengi tamaa; kipande cha kwanza ni rahisi mno, cha pili hakikubali, na mtu anahitimisha kwamba yeye ndiye aliyeshindikana. Muuzaji asipoandika kipenyo kwa milimita, akiishia kwenye "ndogo, wastani, kubwa", muulize kabla ya kulipa. Kitako nacho kiwe kipana kuliko mwili wa kifaa au kiwe na mpini, ili mkono ushike bila kujikunja kiuno. Kutetemeka, sumaku na kujipasha joto ni vya hiari. Havijaonyesha faida ya kuhalalisha bei yake.

Asiye na fedha ya seti anacho kidole. Kucha ikatwe fupi na isuguliwe, mkono uoshwe, kilainishi kiwepo, na kidole chake mwenyewe hufanya kazi ya saizi mbili za kwanza, kisha vidole viwili kazi ya inayofuata. Mabomba ya sindano yaliyovalishwa kondomu, ambayo baadhi ya watu hushauriana kuyatumia, yana ukingo mkali wa plastiki na tundu la nchani. Kidole ni salama zaidi, nacho kinahisi msuli unavyokaza na kulegea, jambo ambalo hakuna silikoni inayoweza.

Kilainishi kinastahili fungu kubwa la bajeti kuliko watu wanavyodhani. Shirika la Afya Duniani, pamoja na UNFPA (shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu) na shirika la FHI 360, walitoa ushauri mwaka 2012: ukolezi wa kilainishi usizidi 1,200 mOsm kwa kilo (kipimo cha wingi wa vitu vilivyoyeyuka ndani yake), na bora uwe chini ya 380; na kwa uke, pH, yaani kipimo cha uasidi, iwe karibu 4.5. Jeli nyingi za madukani huzipita namba hizo kwa sababu ya gliserini na propilini glikoli, nyingine zikipita 2,000. Jeli nzito namna hiyo huyavuta maji kutoka kwenye seli za ngozi, na ngozi ya mwenye vulvodinia hulijua hilo kwa dakika moja: inachoma. Zile zinazotangazwa kuleta joto au ubaridi ni mbaya zaidi kwake. Ukikuta gliserini imeandikwa ya pili kwenye orodha ya viambato, mara tu baada ya maji, iache. Kwa kipanuzi cha silikoni tumia jeli ya maji tu, kwani mafuta ya silikoni huweza kuuharibu uso wake ukawa wa kunata. Mafuta ya nazi safi ni mbadala unaokubalika kwenye mazoezi na kwenye tendo lisilo na kondomu. Pamoja na kondomu ya mpira wa kawaida hayafai, kwani huidhoofisha ikapasuka. Jeli ya maji hukauka katikati ya zoezi. Usirundike nyingine juu yake. Matone machache ya maji safi huiamsha.

Zoezi lenyewe ni la dakika 10 hadi 15, mara tatu hadi tano kwa wiki. Kibofu kiwe kitupu, mlango wa chumba ufungwe, simu iwekwe mbali. Lala chali, magoti yakunjwe, na mto uwekwe chini ya kila goti upande wa nje ili mapaja yategemee mto badala ya kushikiliwa na misuli. Vuta pumzi ipanuke tumboni, si kifuani. Kila unapovuta, sakafu ya nyonga hushuka kidogo, na huko kushuka ndiko unakokutafuta. Nusu kijiko cha chai cha kilainishi kwenye kipande kidogo kabisa, kingine kidogo mlangoni. Weka ncha mlangoni bila kusukuma, ukisikiliza pumzi tano. Kisha jikamue kidogo sana, kama anayetaka kutoa upepo, na wakati huo huo elekeza ncha chini kuelekea mfupa wa mkia. Kukielekeza juu kuelekea kitovu ni kosa linalofanywa na karibu kila anayeanza. Ncha hugonga mrija wa mkojo na kuleta maumivu ambayo hayahusiani na ugonjwa wenyewe.

Kikiingia sehemu, kiache. Kaa. Namba ya maumivu ikiwa 3 au chini, pumua mpaka ishuke hadi 1 au 0, halafu ongeza sentimita moja. Ikipanda hadi 4, rudi nyuma mpaka pale palipokuwa shwari, usikitoe chote. Kukitoa kwa hofu katikati ya maumivu huufundisha mwili kwamba hofu ilikuwa sahihi. Saizi inabadilishwa baada ya mazoezi matatu mfululizo yenye namba 0 hadi 2, kwa urefu wote na kwa mzunguko mdogo wa taratibu, na kila zoezi jipya huanza na saizi ya nyuma yake. Baada ya hapo osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, kausha hewani, hifadhi kwenye mfuko wa pamba. Silikoni isikutane na silikoni nyingine ndani ya mfuko wa plastiki kwa miezi.

Panapoharibika ni pale pale siku zote: haraka. Harusi iko karibu, mume anarudi safari, mtu anaruka saizi mbili usiku mmoja, mlango unachubuka, na wiki mbili zijazo kila mguso unaogopwa upya. Kosa la pili ni kuchanganya zoezi na tendo. Vipanuzi visiwe maandalizi ya dakika kumi kabla ya kuingiliwa, maana mwili ukishajua kinachofuata, unakaza mapema. La tatu ni kubana. Mazoezi ya kubana na kuachia yanayosifiwa kwa kila mwanamke aliyejifungua huzidisha tatizo la mwenye misuli iliyokwisha kukaza. Vivyo hivyo mipira ya kubania ukeni, shabu, na dawa za unga au majani za "kurudisha ubikira". Shabu hukausha na kuchubua ngozi ile ile inayolilia unyevu. Kuosha ndani kwa dawa za kuua vijidudu kuna matokeo hayo hayo, ila kwa harufu nzuri.

Je, ushahidi unasemaje? Peke yao nyumbani, bila mwongozo, vipanuzi vina ushahidi hafifu. Vikiongozwa na mtaalamu, picha hubadilika. Nchini Uholanzi ter Kuile na wenzake walichapisha 2013 utafiti wa wanawake 70 waliokuwa hawajaweza kabisa kuingiliwa. Nusu walifanya mazoezi ya kuingiza vidole na vifaa wao wenyewe, mwenza akiwapo na mtaalamu akiwaelekeza, hadi vikao vitatu vya saa mbili ndani ya wiki moja. Wanawake 31 kati ya 35 waliripoti kuweza tendo, dhidi ya 4 kati ya 35 waliokuwa wakisubiri zamu. Nchini Kanada, Morin na wenzake walilinganisha mwaka 2021, kwa wanawake 212, vikao 10 vya fiziotherapia ya nyonga na lidokeni, dawa ya ganzi, ya kupaka usiku. Fiziotherapia hiyo ilijumuisha elimu, mazoezi kwa kifaa cha kuonyesha msuli unavyofanya kazi, tiba ya mikono na vipanuzi. Waliosema wamepata nafuu kubwa walikuwa asilimia 79 kwa fiziotherapia na 39 kwa lidokeni. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, vikao vitatu na mtaalamu wa fiziotherapia anayejua nyonga, pamoja na kidole na jeli nzuri, vinaishinda seti ya silikoni ya vipande vinane.

Lidokeni yenyewe imesifiwa kupita uwezo wake. Sifa zake zilianzia kwenye utafiti wa Zolnoun wa 2003: wanawake 61, marhamu ya asilimia 5 kwenye kipande cha pamba kilichowekwa mlangoni usiku kucha kwa wiki 7, na walioweza tendo wakapanda kutoka asilimia 36 hadi 76. Tatizo ni kwamba hapakuwa na kundi la kulinganisha. Mwaka 2010 Foster na wenzake waliijaribu kwa wanawake 133 dhidi ya dawa bandia, pamoja na vidonge vya desipramini (dawa ya sonona), na hakuna kilichoishinda dawa bandia. Ikitumika, ichukuliwe kuwa msaada wa muda. Paka kiasi cha punje ya kunde mlangoni dakika 15 hadi 20 kabla ya tendo, kisha futa kwa kitambaa chenye unyevu, la sivyo mwenza naye anakufa ganzi. Mchomo wa dakika chache mwanzoni ni wa kawaida. Ukizidi dakika kumi, osha na usirudie. Kwenye famasi zetu kinachopatikana kirahisi ni jeli ya asilimia 2 ya kuwekea mpira wa mkojo, nayo si kitu kile kile. Pamoja na vipanuzi haifai kuwa desturi: ganzi inaizima namba ya maumivu, na bila namba hiyo mtumiaji hajui asimame wapi. Sindano za botoksi (dawa ya kulegeza misuli), kwa wale wanaouziwa kama njia ya mkato, zilijaribiwa Denmark mwaka 2009 kwa yuniti 20 kwa wanawake 64, na hazikutofautiana na maji ya chumvi.

Sehemu ambayo haiuzwi dukani ni mwenza. Utafiti wa kundi la Sophie Bergeron wa Montréal na Natalie Rosen wa Halifax, nchini Kanada, umegawa namna wenza wanavyoitikia maumivu. Wapo wanaokasirika. Wapo wanaohurumia mno: akikunja uso tu, kila kitu kinasimama, mguso wote unafutwa kwa wiki, na samahani zinafuatana. Na wapo wanaosaidia mambo yaendelee kwa njia nyingine, wakifurahia kinachowezekana na kulisema hilo. Huruma iliyopitiliza, kinyume cha inavyotarajiwa, huenda sambamba na maumivu makali zaidi kwa mwanamke, kwa kuwa humthibitishia kwamba mguso wowote ni hatari. Aina ya tatu huenda na maumivu madogo na kuridhika zaidi. Kundi hilo lilichapisha 2021 jaribio la jozi 108 za wenza kwa wiki 12, tiba ya mazungumzo ya wawili dhidi ya lidokeni. Maumivu yalipungua kote kuwili, lakini tiba ya wawili ilitangulia katika kupunguza hofu ya maumivu na jinsi yanavyokera.

Kwa hiyo kabla ya saizi ya kwanza kutoka mfukoni, wawili wakubaliane kwa maneno ya wazi: kuingiliwa kusimamishwe kabisa kwa kipindi cha mazoezi, mengine yote ya kitandani yaendelee. Mume asiulize "imefikia saizi ya ngapi?" Akitaka kushiriki, zamu yake huja mwishoni, saizi inayolingana naye ikishakaa bila maumivu, na hata hapo mke ndiye anayeshika kifaa kwanza, kisha mkono wa mume juu ya mkono wake. Tendo la kwanza baada ya hapo mke awe juu, bila msukumo, kwa utulivu ule ule wa kipanuzi.

Kundi moja lina kanuni tofauti. Mwanamke aliyechomwa mionzi kwa saratani ya shingo ya kizazi anahitaji kipanuzi kwa sababu ya kimwili hasa: kuta za uke hushikana na kufupika kwa makovu. Hapo kifaa kinatumika hata kama hana mwenza wala hamu, kwa kuwa njia iliyofunga humzuia daktari kumfuatilia. Aanze pale daktari wake wa mionzi atakaposema, baada ya wekundu na vidonda vya tiba kupungua. Kawaida ni dakika 5 hadi 10, mara mbili au tatu kwa wiki, kwa miezi mingi. Damu kidogo ya rangi ya waridi kwenye kilainishi hutokea. Damu nyekundu inayoendelea, au maumivu mapya, ni sababu ya kuacha na kurudi kliniki siku hiyo hiyo.